Kutoka akili kavu hadi fikra hai: mwongozo kamili kwa maharage kumi

Kiswahili kinatumia neno moja, kuota, kwa mbegu inayochipua na kwa mtu anayeona ndoto. Anayetaka fikra zake ziwe hai anahitaji kuota kama mbegu, huku akijilinda asiote kama aliyelala. Mazoezi yote yaliyomo humu yanazunguka hapo.

Akili tuliyofunzwa darasani ina kazi yake. Ukiuliza mmea ni nini, utajibiwa: kiumbe hai kinachojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Jibu ni sahihi, lakini aliyelitoa anaweza kuwa hajawahi kutazama mche mmoja kwa dakika tano. Dhana ya namna hiyo haikui wala haigeuki. Inafaa kuhesabu magunia na kupanga bei. Ukitaka kumwelewa mtoto, shamba, ugomvi wa ndugu au sala yako mwenyewe, itakupa jina la jambo na kukuacha mlangoni.

Njia tunayoieleza ina wenyewe. Goethe, mshairi na mtafiti Mjerumani aliyeishi 1749 hadi 1832, alichapisha mwaka 1790 kijitabu kuhusu kugeuka kwa mimea, akionyesha kwamba jani la chini, petali na tunda ni kiungo kilekile kinachobadilika kadiri mmea unavyopanda. Hakufika hapo kwa hesabu. Alitazama mimea, akaijenga upya moyoni hatua kwa hatua, akarudi kuitazama tena. Rudolf Steiner, Mwaustria aliyeishi 1861 hadi 1925, alihariri maandishi ya Goethe ya sayansi akiwa bado kijana, kisha akaifanya njia ile kuwa mazoezi ya roho yenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kufikiri kwa taswira hai, na mwongozo huu unaishia hapo. Mtu akikuahidi ngazi ya tatu kabla hujaijua ya kwanza, mwepuke.

Swali moja huulizwa sana Mbeya na Iringa, acha tulijibu mapema: je, huu ni uganga? Hapana. Hakuna anayeitwa, hakuna dawa, hakuna maneno ya siri. Mkristo na Mwislamu wote wanaweza kuyafanya mazoezi haya na kubaki katika imani zao. Kinachofanya kazi ni usikivu wako na maharage.

Unachohitaji

Chukua maharage 10 ya kupanda na mengine 5 ya kupasua, yote ya aina moja. Maharage ya njano yanayouzwa kila soko la Nyanda za Juu Kusini yanafaa kwa sababu ni makubwa na sehemu zake zinaonekana bila kioo cha kukuzia. Usichukue yaliyotiwa dawa ya ghalani, maana utayashika kila siku. Chagua yasiyotobolewa na wadudu. Kama una haragwe moja unalodhani limekufa, lipande nalo, lakini kando.

Tafuta makopo 5 yenye kina cha sentimita 15 au zaidi, uyatoboe matundu manne chini. Yajaze udongo wa bustani uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, koleo mbili za udongo kwa moja ya samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi. Andaa pia daftari, penseli laini, wembe, na kigoda kisicho na egemeo. Kigoda kina sababu, tutaifikia.

Panda maharage mawili kila kopo, kina cha vidole viwili vya upana, lakini usipande yote siku moja. Kopo la kwanza siku ya 1, la pili siku ya 4, kisha siku ya 7, ya 10 na ya 13. Hii ndiyo siri ya mpango mzima. Kufikia wiki ya tatu utakuwa na mche huohuo katika umri wa aina tano, mmoja kando ya mwingine. Jicho litaona kwa mkupuo kile ambacho mmea hukifanya kwa muda mrefu, na fikra itakuwa na kazi moja tu: kupita katikati ya hatua hizo.

Mbeya mjini, penye mita kama 1,700 juu ya bahari, mche hutokeza kati ya siku ya 6 na ya 10 wakati wa joto. Njombe na Makete hukawia. Mwezi wa Juni na Julai, baridi inapokaza, weka makopo ndani karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, na mwagilia kidogo sana. Haragwe likikaa kwenye udongo wa baridi uliolowa huoza kabla ya kuota. Wengi hudhani mbegu ilikuwa mbovu, kumbe ni maji yaliyozidi.

Hatua ya kwanza: tazama bila kutaja

Jioni loweka maharage mawili kati ya yale ya kupasua. Asubuhi, saa moja hivi kabla nyumba haijaamka vizuri, kaa nayo dakika kumi.

Kwanza tazama ubavuni. Kuna kovu jeupe lenye umbo la yai, pale haragwe lilipokuwa limeshikamana na ganda, na pembeni yake kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Bonyeza haragwe lililolowa. Mara nyingine tone la maji hujitokeza hapo. Toa ngozi kwa ukucha. Achanisha nusu mbili polepole. Katikati, upande wa kovu, amelala mmea wenyewe: kijizizi chenye ncha, na juu yake majani mawili meupe yaliyokunjwa kama viganja vilivyofumbatana. Ukiyageuza kwenye mwanga utaona mishipa yake imeshachorwa. Majani hayo yalikuwepo wakati haragwe likiwa kwenye gunia.

Chora ulichokiona. Ubora wa mchoro hauna maana hapa. Penseli ni ya kulilazimisha jicho likae. Kisha andika mistari mitano ukiwa umejinyima maneno mawili: jina la sehemu yoyote, na neno la sifa kama zuri au la ajabu. Andika umbo, mwelekeo, rangi, kinachoshikana na nini. Utashangaa mkono unavyogoma. Akili kavu hupenda kusema "kiinitete" na kuondoka. Likinyimwa jina, jicho linarudi kazini.

Hatua ya pili: jenga upya macho yakiwa yamefumbwa

Jioni ileile, kabla ya kulala lakini si kitandani, kaa kwenye kigoda. Mgongo wima, miguu chini. Kwenye kiti cha kuegemea utasinzia na zoezi litageuka ndoto; hapo ndipo wengi huangukia wiki ya kwanza.

Fumba macho, ujenge haragwe la asubuhi kwa mpangilio: umbo la nje, kovu, kitundu, ngozi inatoka, nusu zinaachana, majani mawili. Dakika tano zinatosha. Usiruhusu picha ijitokeze yenyewe yote kwa pamoja. Wewe ndiwe mjenzi, tofali baada ya tofali.

Utakutana na mapengo. Kijizizi kilielekea upande wa kovu au upande wa pili? Hujui. Hapo ndipo uaminifu wa kazi hii unapopimwa. Ukiziba pengo kwa kubahatisha, umeanza kuota ndoto, na kadiri unavyozoea kubahatisha ndivyo utakavyoshindwa baadaye kutofautisha ulichokiona na ulichokitunga. Liache pengo wazi. Liandike kama swali, na asubuhi pasua haragwe jingine ukajibiwe. Zunguka hivyo siku tatu hadi tano, mpaka uweze kulijenga haragwe lote bila pengo.

Tunakaza jambo hili kwa sababu ndilo linalotenganisha taswira hai na njozi. Njozi humfurahisha mwenyewe na haina pa kusahihishiwa. Taswira hai inasahihishwa kila asubuhi na mmea ulio kwenye kopo.

Hatua ya tatu: ifanye itembee

Miche ikianza kutokeza, kazi inabadilika. Haragwe halitoki ardhini likiwa limenyooka. Shingo hutangulia ikiwa imepinda kama mtu aliyebeba mzigo mzito anayepita mlango mfupi, ikiburuza nusu mbili za mbegu kutoka chini. Ikishatoka hunyooka, nusu zinafunguka, na yale majani mawili uliyoyaona siku ya kwanza yanakunjuka. Hayo ni mapana na yanaelekeana, kila moja likiwa jani zima. Linalofuata halifanani nayo: lina vipande vitatu kwenye kikonyo kimoja, na yote yatakayofuata yatakuwa hivyo. Wakati huohuo nusu za mbegu zinanywea, zinakunjamana, zinaanguka. Zimetoa zote.

Kila asubuhi chora makopo yote kwa dakika saba. Kila jioni pitia safari yote moyoni, kutoka mbegu hadi hatua ya leo, polepole, bila kuruka. Dakika tatu kwenda mbele. Kisha dakika tatu kurudi nyuma: jani la vipande vitatu linajikunja, linaingia kwenye chipukizi, majani mawili yanafumbatana, shingo inapinda, nusu zinajaa tena, udongo unafunika.

Kurudi nyuma ni kugumu, na ugumu huo ndio faida. Ukienda mbele, mazoea na maneno hukubeba, kama anayeimba wimbo anaoujua bila kuusikiliza. Ukirudi, hakuna mazoea ya kukubeba. Kila kiungo lazima ukitake na kukifanya mwenyewe. Hapo utaanza kuhisi kufikiri kama kazi ya misuli.

Tatizo la kawaida wiki hii ni picha kuruka: mche mfupi, mche mrefu, mche wenye majani, kama picha za ukutani. Unazo picha, mwendo huna. Usikate tamaa, bali punguza eneo. Chukua kitendo kimoja tu, kunyooka kwa shingo, na ukifanye kwa mkono: kunja kiganja kuelekea chini, kisha kinyanyue pole kwa hesabu ya ishirini huku ukitazama kopo. Baada ya mara tatu fumba macho na ufanye hivyohivyo ndani bila mkono. Mwili hujua kutembea kabla ya kichwa, nao hukifundisha.

Siku moja utagundua kwamba hakuna picha hata moja kati ya zile inayoweza kuitwa haragwe. Mbegu siyo, mche siyo, ua siyo. Haragwe ni kile kinachopita ndani ya zote, na kile hakionekani kwa macho, ila wewe umetembea nacho. Kaa na hisia hiyo kidogo. Usikimbilie kuielezea.

Hatua ya nne: jani linalogeuka

Zoezi hili tunalipenda kuliko yote kwa sababu linapimika. Tafuta chainizi iliyoachwa bustanini mpaka ikatoa shina la maua. Kwenye bustani za mabondeni hazikosekani. Chuma majani yote ya shina moja kuanzia chini hadi chini ya ua, yapange mezani kwa mstari. La chini ni pana, mviringo, lenye kikonyo kirefu. Kadiri unavyopanda, kikonyo kinafupika, jani linakuwa jembamba, ncha inachongoka, mpaka la mwisho ni kama ulimi mdogo uliokaribiana na shina. Kisha ua: petali nne za njano zilizokaa kama msalaba.

Pitisha jicho toka la kwanza hadi la mwisho mara kumi. Sasa mwambie mtu wa nyumbani alifiche moja la katikati, asikuambie lipi, na ayasogeze yaliyobaki yasiache nafasi. Tafuta mahali ambapo mwendo umekatika. Ukipapata, chora jani lililopotea, kisha litazame. Mara ya kwanza utakosea urefu wa kikonyo. Ukifikia kuchora jani usiloliona likafanana na lenyewe, umefikiri kwa taswira hai, na una ushahidi mezani.

Fanya vivyo hivyo na ganda la haragwe bichi, msimu wake ukifika sokoni Mwanjelwa mjini Mbeya, sokoni Iringa au kwa jirani. Lifungue kwa wembe kwenye mshono ulio upande wa mbegu, ulilaze wazi juu ya meza. Tazama: una jani. Upande wa pili wa ganda sasa ni mshipa mkuu unaopita katikati, na mbegu zimeshikamana na kingo mbili kwa zamu, moja ukingo huu, inayofuata ukingo ule. Mmea umelikunja jani na kulifunga juu ya watoto wake. Hiki ndicho Goethe alichokiona, na umekiona kwa wembe wa jikoni. Waliokwishapitia hatua ya tatu husikia jani likijikunja ndani yao wanapolitazama. Walioruka hatua ile wataona ganda lililopasuliwa tu.

Hatua ya tano: haragwe na kokoto

Kuanzia wiki ya nne, ongeza zoezi hili mara tatu kwa wiki. Steiner alilipendekeza kwa mbegu halisi na nyingine bandia. Huku kwetu kokoto ya mtoni inatosha. Tafuta iliyolainishwa na maji, yenye ukubwa na rangi ya haragwe. Ziweke zote mbili mbele yako.

Tazama haragwe na ujiambie: humu, bila kuonekana, mna kitu ambacho mvua na udongo vitakiita. Pitisha safari yote uliyoijua. Kisha hamia kwenye kokoto, ujaribu safari hiyohiyo. Utasikia fikra ikigonga ukuta. Rudi kwenye haragwe. Dakika saba, si zaidi. Kinachotafutwa ni ile tofauti ya hisia: upande huu kitu kinajaa na kutaka kutoka, upande ule kimekamilika na kutulia. Kokoto nayo ina historia yake ya mlima na maji, ila sura yake imechongwa kutoka nje.

Hapa wengi huanza kungoja mianga, rangi au sauti. Usingoje. Zikija, usizikatae kwa hofu wala usizifuate kwa furaha. Rudisha macho kwenye haragwe. Zoezi likikunyima usingizi siku mbili mfululizo, lisimamishe wiki moja na ubaki na kuchora tu. Mtu aliyewahi kusikia sauti zisizo na mwenyewe, au anayetumia dawa za ugonjwa wa akili, asifanye hatua ya pili, ya tatu wala ya tano. Achore na kupanda. Hayo yana baraka zake, na matibabu yake yaendelee hospitalini.

Steiner alisisitiza pia kwamba kila hatua moja ya ujuzi wa ndani ifuatwe na hatua tatu katika kurekebisha tabia. Tunaichukulia kama kipimo halisi: kama baada ya wiki tatu umekuwa mkali zaidi nyumbani, au unajiona umewazidi wenzako, kuna kitu kinaharibika. Mara nyingi ni kwamba umeacha kusahihishwa na kopo na umebaki na hisia zako.

Hatua ya sita: siku yako kwa kurudi nyuma

Hii ni fupi. Usiku, kwenye kigoda kilekile, pitia siku yako kutoka sasa hadi ulipoamka, kwa dakika kumi. Jione kama mtu mwingine: anaingia nyumbani, kabla ya hapo anashuka kwenye daladala, kabla ya hapo anamlipa konda. Usijihukumu wala usijitetee. Ukishindwa siku nzima, chukua nusu saa moja tu, lakini kwa undani: ulipanda daladala kwa mguu gani, mkono ulishika wapi. Nusu saa iliyo kamili inakujenga kuliko siku nzima iliyo na matobo.

Kuhamishia kwa watu

Baada ya siku arobaini, jaribu kwa binadamu, mmoja tu. Chukua mtu ambaye kichwani mwako ana jina moja: mkorofi, mvivu, bahili. Jina hilo ni jani lililokauka katikati ya kitabu. Mtazame kwa siku kadhaa kama ulivyotazama kopo: anavyoingia chumbani, anavyoanza sentensi, mikono yake inafanya nini anaposikiliza. Jioni mjenge. Kisha mrudishe nyuma: alipokuwa kijana, alipokuwa mtoto wa shule, lakini kwa yale tu unayoyajua kwa hakika, na mapengo uyaache wazi kama ulivyofanya kwa haragwe. Usitunge maisha ya mtu. Pengo lililoachwa wazi litakufanya, siku mkikutana, umuulize swali ambalo hujawahi kumuuliza.

Ukikosa siku moja, endelea ulipoishia. Ukikosa siku nne, rudi hatua moja nyuma kwa siku mbili. Ukikosa wiki mbili, anza na haragwe jipya, hakuna hasara. Jumla ya muda ni robo saa asubuhi na robo saa jioni. Anayefanya saa nzima wiki ya kwanza mara nyingi huacha wiki ya pili.

Miche yako itatoa maua kati ya wiki ya sita na ya nane, ikitegemea ubaridi wa mahali ulipo. Ihamishie bustanini kabla mizizi haijajaza kopo, iache ikauke shambani, uchukue mbegu zake za duru ya pili. Duru hiyo changanya na mahindi. Punje ya mahindi hutoka kwa njia nyingine kabisa: haina nusu mbili, haibebi mbegu juu, inachoma udongo kama mkuki uliofungwa na chakula chake kinabaki chini. Loweka punje mbili jioni, uzipasue asubuhi kwa urefu, na uanze kutazama upande wenye kiini cheupe.